Posho, Bukari na Mazoea ya Kinywa katika Nyumba za Lubumbashi

Katika nyumba nyingi za Lubumbashi mtu anaweza kuwa amekula mikate asubuhi, viazi vitamu saa sita, hata sahani ya wali kwa jirani, na jioni akiulizwa kama amekula, akajibu kwamba tangu asubuhi hajatia kitu kinywani. Hasemi uongo. Neno «kula» kwake lina maana moja iliyo kamili, nayo ni bukari pamoja na mboga; vingine vyote ni vya kupitisha wakati. Audrey Richards, aliyeishi kwa Wabemba upande wa pili wa mpaka na kuchapisha mwaka 1939 kitabu chake juu ya ardhi, kazi na chakula, alikutana na jambo hilo hilo: watu waliotafuna mahindi ya kuchoma mchana kutwa walilalamika kwamba wanakufa njaa, kwa sababu ubwali haujapikwa. Lakini ubwali wa Wabemba aliowaona Richards ulikuwa wa ulezi, tena wenye rangi ya kahawia. Bukari wa Lubumbashi ni wa mahindi meupe. Tofauti hiyo ya rangi ina historia yake, na historia hiyo haijatimiza miaka 120.

Jina lenyewe ni la zamani kuliko chakula linachokitaja leo. Ukiweka pamoja «ugali» wa pwani, «ubugali» wa Rwanda, «ubwali» wa Wabemba na «bukari» wa Katanga, unaona mara moja kwamba ni watoto wa mama mmoja. Kiambishi «bu-», ambacho pwani kimepungua kikabaki «u-», kimehifadhiwa huku kwetu bara. Kila watu walilitumia jina hilo kwa unga waliokuwa nao. Rwanda, ubugali kwa kawaida ni wa muhogo; kwa Wabemba wa zamani, wa ulezi; kwa Walamba, ambao ardhi yao ndiyo iliyojengwa mji wa Elisabethville, mtama ndio uliotangulia. Zaidi ya hapo, kuelekea Lwapula na kwa Walunda, muhogo ulikuwa umekwisha kuenea tangu karne ya 18. Mahindi yalijulikana, kwani yalitoka Amerika kwa mikono ya Wareno na kuingia bara polepole. Ila mahali pengi yalipandwa karibu na nyumba, yakaliwa mabichi, ya kuchoma au ya kuchemsha, kabla ya mavuno makubwa. Yalikuwa chakula cha kungojea chakula.

Ni nini basi kilichoyapandisha mahindi hadi kiti cha mbele? Jibu fupi ni reli. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka Rhodesia ilifika Elisabethville mwaka 1910. Tanuri la kuyeyusha shaba likaanza kazi mwaka 1911. Nchi iliyozunguka migodi ilikuwa na watu wachache, na mashamba yao hayakutosha kuwalisha maelfu ya vijana walioletwa ghafula. Lakini kando ya reli, upande wa Rhodesia, walowezi wa Kizungu walilima mahindi wakitafuta wanunuzi. Mahindi yanasagika kwa mashine, yanabebeka katika magunia, yanapimika kwa kilo bila ubishi. Muhogo mbichi huoza kwa siku chache, na ulezi haukupatikana kwa wingi huo. Weupe nao ulikuwa na sababu ya kibiashara: wafanyabiashara wa wanga wa London walipendelea mahindi meupe, na wakulima wa kusini mwa Afrika walipanda yanayouzika. Hivyo mtoto wa leo anayekataa unga wa rangi ya manjano, akisema ni chakula cha kuku, anarudia bila kujua hukumu iliyotolewa sokoni Uingereza kabla babu yake hajazaliwa.

Hapa ni lazima kusimama kwenye neno «posho», kwa kuwa bila neno hilo jambo lote halieleweki. Katika misafara ya karne ya 19, kutoka pwani hadi Maniema na hadi kwa M'siri kule Bunkeya, posho ilikuwa haki ya mpagazi na ya askari: kipimo cha chakula, au kitambaa na shanga za kununulia chakula njiani. Neno hilo lilisafiri pamoja na misafara, kisha likashikwa na serikali na makampuni. Kilicho cha ajabu ni jinsi lilivyogawanyika baadaye. Uganda limekuwa chakula chenyewe, maana posho huko ni ugali wa mahindi. Tanzania limekuwa fedha anayolipwa mtumishi akisafiri au akihudhuria mkutano. Katika Kongo limekuwa wakati: kwa Kilingala «mposo» ni juma zima, na Jumamosi ni siku ya mposo, na katika Kiswahili cha Katanga, siku ya mposho ni Jumamosi, siku ambayo mfanyakazi alipanga mstari kupokea chakula cha siku saba. Ni lugha chache ambamo tumbo limeihesabia kalenda waziwazi namna hii. Wanafunzi wanaotafuta mifano ya maneno kupanua maana wangepata mengi katika neno hilo moja kuliko katika kurasa nyingi za nadharia.

Posho ya migodini ya miaka ya kwanza ilikuwa unga wa mahindi, chumvi, nyama au samaki kavu, maharage, karanga na mafuta, kadiri vilivyopatikana. Na mara nyingi havikupatikana vyote. Wafanyakazi walikuwa wanaume peke yao, kwa mikataba ya miezi michache, wakipika kwa makundi baada ya kazi. Walikufa kwa wingi, kwa magonjwa ya kifua na ya tumbo. Madaktari wa kampuni walianza kukihesabu chakula kama wahandisi wanavyohesabu makaa ya tanuri; kitabu cha Pearson na Mouchet kuhusu afya ya makambi, kilichotoka mwaka 1923, ni ushahidi wa fikira hiyo. Walikuwa na haki katika mengi: mtu asiyepata mboga mbichi huugua. Lakini swali ambalo kila mke huliuliza, yaani «mnapenda nini?», halikuwa na safu katika majedwali yao.

Likawapasa kulikabili hata hivyo. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1920 kampuni iliajiri watu kutoka Ruanda-Urundi, nchi ya maharage, ndizi, viazi vitamu na mtama. Watu hao walitiwa unga wa mahindi mikononi na kuambiwa wapike. Wengi waliugua matumbo, wengine walidhoofika, na vifo vyao vilikuwa kati ya sababu zilizofanya uajiri huo uachwe baada ya miaka michache. Anayedhani kwamba kupenda na kutopenda chakula ni mambo ya watoto wenye deko na aikumbuke safari hiyo.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1927 na 1928, kampuni ilipoamua kuwafanya wafanyakazi wakae: mikataba ya miaka mitatu, nyumba kambini, na ruhusa, hata himizo, ya kuja na mke. Mke alipata sehemu yake ya posho, na mtoto sehemu yake. Mwaka 1928 pia reli ya BCK iliunganisha Bukama na Port-Francqui, ambayo sasa ni Ilebo, na kupitia reli hiyo mahindi ya Lomami na Kasai yakaanza kuteremka kusini pamoja na watu wa huko. Tangu hapo unga wa kampuni haukupikwa tena na vijana waliochoka. Ulipikwa na mama wa nyumba, na ndipo ulipogeuka kuwa chakula cha nyumbani. Jambo hili halijasemwa vya kutosha. Kampuni ilileta gunia. Bukari uliletwa na wanawake.

Kwa kuwa bukari si unga na maji tu. Kuna kujua lini maji yako tayari, kuna uji wa kwanza unaoachwa utokote, kuna kuongeza unga kidogo kidogo na kuusonga kwa mwiko mpaka mkono uume, na kuna kujua ni nani nyumbani anautaka mgumu na ni nani anautaka laini. Mwanamke aliyetoka Kasai alikuwa amezoea nshima iliyochanganywa unga wa mahindi na wa muhogo, wenye kuvutika kidogo. Jirani yake kutoka Lwapula alitaka muhogo zaidi. Wa tatu, Mubemba, aliukumbuka ulezi wa kwao. Wote watatu walipokea gunia la namna moja. Sehemu yake waliiuza au kuibadilisha sokoni kwa unga wa muhogo, kwa viwavi vikavu, kwa uyoga wa masika, kwa kikanda kinachopikwa kwa mizizi ya mmea wa porini na karanga. Sehemu nyingine waliitia katika munkoyo na pombe, ambazo kampuni ilizipiga vita kwa amri na kwa polisi wa kambi bila kuzimaliza. Wakuu waliyaita hayo matumizi mabaya ya posho. Kwa kweli yalikuwa njia ya kugeuza kipimo cha daktari kuwa chakula cha mtu mwenye kwao.

Kampuni haikukubali kirahisi. Watoto waliitwa kwenye kantini kula supu mbele ya macho ya msimamizi, ili sehemu yao isiliwe na wakubwa wala isiuzwe. Akina mama waliitwa kwenye foyer social kufundishwa kushona, kuosha mtoto na kupika. Mafunzo hayo yaliacha alama. Nyanya na kitunguu vikaingia katika kila mchuzi. Chai yenye sukari na mkate vikawa alama ya nyumba iliyostaarabika. Lakini katika sufuria ya jioni walimu wale hawakushinda. Sombe iliendelea kutwangwa kinuni na kuchemshwa kwa saa nyingi juu ya mbabula, kisha kutiwa mawese, na karanga kwa wanaozipenda. Lengalenga na matembele viliendelea kuchumwa nyuma ya nyumba. Mvulana wa kambi alijifunza mezani kwamba kuna chakula cha kusifiwa mbele ya mgeni na kuna chakula cha kushiba.

Samaki anastahili neno lake. Tangu miaka ya 1920 wafanyabiashara wa Kigiriki waliokaa Kasenga, kando ya Lwapula, walipeleka samaki Elisabethville kwa malori, na mji ukajifunza kuwajua samaki wa mto huo kwa majina. Mpumbu alipendwa kuliko wote, na mayai yake yalitafutwa sana. Alivuliwa wakati akipanda mto kutaga, yaani alivuliwa pamoja na kizazi chake, na kufikia miaka ya 1950 alikuwa ametoweka karibu kabisa. Kizazi kilichomfuata kilikula ndagala na makayabu. Kingine tena kikakua na tomson, samaki wa baharini anayefika akiwa barafu. Leo kuna watu wazima wanaosema kwamba samaki wa mtoni ana harufu ya matope. Babu zao wangewashangaa.

Kuhusu kutopenda, lugha ya Kiswahili yenyewe imetega kitendawili: «mwiko» ni chombo cha kusongea ugali, na ni jambo lililokatazwa. Katika nyumba ya Lubumbashi miko yote miwili hukutana. Wapo wasiokula mnyama fulani kwa sababu ya ukoo, bijila kama wasemavyo Waluba. Wapo Wakimbangu na Waislamu wasiogusa nguruwe. Wapo waliokatazwa na mganga walipougua, na katazo likarithiwa na watoto wasiojua ugonjwa ulikuwa gani. Ndoa za mjini zilichanganya makatazo hayo kuliko zilivyochanganya lugha, na mara nyingi ni mwanamke aliyebeba yote: alipika asichokula, na hakula alichopika. Katika nyumba nyingi firigisi ya kuku ni ya baba, tena hutengwa kabla sahani hazijagawanywa. Si kwa sababu ya utamu wake, maana ni kipande kidogo na kigumu. Msemo wa Lubumbashi kwamba utawala huliwa mzima, ambao kundi la Mufwankolo liliufanyia mchezo mwaka 1986 na Johannes Fabian akauandikia kitabu mwaka 1990, ulianzia kwenye mazungumzo juu ya firigisi isiyokatwa. Wanaofundisha siasa bila kupita jikoni wamejinyima mfano mzuri.

Kulikuwa na hofu pia, na hofu nayo ni namna ya kukataa chakula. Katika miaka ya ukoloni masimulizi ya batumbula yalienea Katanga yote: watu walionaswa usiku, wakafungiwa, wakanenepeshwa ili waliwe na Wazungu. Msomi akiyasoma leo anaweza kutabasamu. Lakini aangalie yalisimuliwa na nani: watu ambao afya yao ilipimwa, uzito wao ukaandikwa, chakula chao kikakadiriwa ili miili yao itoe kazi zaidi. Kwa watu hao swali «kwa nini wananilisha?» halikuwa la upuuzi.

Vita vya pili vya dunia vilionyesha jinsi sahani ilivyofungwa na mshahara. Bei zilipanda, kazi ikaongezwa, na mnamo Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma. Tarehe 9 mwezi huo askari waliwapiga risasi wagomaji waliokusanyika katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, wakaua makumi ya watu. Baada ya hapo mishahara ilirekebishwa.

Kampuni ilipotaifishwa, kuanzia Januari 1967, na baadaye kuitwa Gécamines, majina yalibadilika kuliko desturi. Mji ulikuwa umekwisha kuitwa Lubumbashi mwaka 1966. Jimbo likaitwa Shaba hadi 1997. Kampuni ikaendelea kuwapatia wafanyakazi wake unga, ikiwa na mashamba na kiwanda cha kusaga huko Kakontwe. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ameliandika jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya Bana Shaba walioachwa na baba yao. Baba huyo ni kampuni. Na baba, katika lugha ya nyumbani, ni yule anayeleta unga.

Kuachwa kwenyewe kulikuja haraka. Uzalishaji wa shaba, uliozidi tani 450,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ulikuwa chini ya tani 50,000 mwaka 1994. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990; maduka yaliporwa mwaka 1991; mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa maelfu, wakaondoka kwa treni ile ile iliyowaleta wazazi wao, wengine wakiwa wamezaliwa kambini na bila kujua shamba la muhogo. Mishahara ikakaa miezi bila kulipwa. Mwaka 2003 wafanyakazi wapatao 10,000 waliondoka Gécamines kwa mpango ulioitwa wa hiari.

Katika miaka hiyo ilionekana waziwazi kwamba mazoea ya kinywa hayafi pamoja na mshahara uliyoyazaa. Mlo wa mchana uliachwa. Jioni ikabaki peke yake. Nyama iliachwa, kisha mafuta yakapunguzwa, kisha sombe ikapikwa kwa magadi na chumvi tu. Bukari haukuachwa. Familia zilizokuwa na viazi vitamu vya kutosha kulala bila njaa ziliviuza ili zinunue unga. Mtaalamu wa lishe angesema hesabu hiyo ni mbaya, na kwa kilo na bei huenda angekuwa na haki. Lakini baba aliyepoteza kazi, nyumba ya kampuni na hospitali ya kampuni hakuwa tayari kuwaambia watoto wake kwamba leo hawali. Na watoto wenye viazi mkononi wangesema kwamba hawakula. Waliokuwa na nguvu walitoka mjini kulima mahindi pembezoni mwa barabara, kwenye ardhi ambayo Walamba walipanda mtama. Wengi wao walikuwa wanawake, na wengi walishika jembe kwa mara ya kwanza wakiwa na umri wa mama mkubwa.

Njia ya 1910 haijafungwa. Sehemu kubwa ya unga unaoliwa Lubumbashi bado hupita Kasumbalesa kutoka Zambia, na kila mara serikali ya huko inapozuia mahindi yasitoke, bei hupanda mjini kabla ya majuma kupita. Ukame wa mwaka 2024, ambao Zambia iliutangaza kuwa janga la taifa, ulisikika katika sufuria za Kenya na Katuba. Siku kama hizo mama wa nyumba hufanya alivyofanya mwanamke wa Kasai mwaka 1928, ingawa kwa sababu nyingine: huchanganya unga wa muhogo, kikombe kimoja kwa vitatu, na bei ikizidi, kimoja kwa viwili. Husonga akiwa peke yake, taa haijawashwa. Watoto wakiketi, mkubwa wao huchukua tonge, hulivuta kidogo kati ya vidole, humtazama mama yake, na hula.